Kumbukumbu ya Mwalimu wa Kiti cha Nyuma

Mwaka umetimia leo, wifi, tangu ulipofumba macho ukatuacha. Tulikusudia kukuandikia maneno matamu peke yake, kama watu wanavyowaandikia marehemu wao, tukakaa sebuleni familia nzima tukayatafuta. Yapo, na utayasoma. Lakini tuna kinyaa, wifi. Kinyaa hakimezeki, na wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mtoto akishikwa na kichefuchefu asizuiwe, apelekwe nje atapike.

Mumeo ndiye aliyenikabidhi kalamu. "Andika wewe mwenye saluni, una maneno," aliniambia kaka yangu. "Mimi nikianza nitaishia mstari wa kwanza." Mama, mkweo, akadakia kutoka chumbani kwake, maana miguu yake imegoma lakini masikio bado: "Mwandikie, ila usitukane." Nimemwahidi kwamba sitatukana. Nitajitahidi.

Tuanze na wewe. Ulikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na ulikuwa mwalimu wa darasa la kwanza hata ukiwa jikoni. Sufuria ikichelewa kuchemka uliiambia, "Haya, tunakusubiri wewe tu." Kaka akikunja shuka vibaya ulimwambia, "Vizuri sana, hebu jaribu tena," naye, mtu mzima mwenye ndevu zake, alijaribu tena. Ulirudi nyumbani na vumbi la chaki kwenye nyusi, ukakaa kwenye kizingiti cha jikoni kumenya chungwa bila kukata ganda, na ganda lile refu ukamvisha mtoto yeyote aliyekuwa karibu awe na bangili. Ulipewa ukuu wa shule ukaukataa. Ulisema mwalimu mkuu hafundishi, anashinda akitafuta funguo.

Mtaani walikujua kwa hayo. Walimu wa mji huu walikujua kwa jambo jingine, na hilo jingine ndilo lililotufikisha hapa.

Chama cha Walimu wa Mjini kilizaliwa darasani kwako, Jumamosi moja, mkiwa walimu wachache mliochoka. Ulikuwa ukituambia mezani: mwalimu wa mjini ana watoto waliobanana wanne wanne kwenye dawati, dirishani kuna gereji inagonga mabati, na akikwama hana wa kumuuliza, kwa sababu kila mwenzake amefunga mlango wake naye amekwama peke yake. Ukasema milango ifunguliwe. Basi Jumamosi moja ya kila mwezi mwalimu mmoja alifundisha somo la kweli, watoto wa kweli mbele yake, na wenzake wote wakakaa nyuma kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu, wakatazama kimya. Watoto wakishatoka kwenda kucheza, hakuna aliyeruhusiwa kukosoa kabla hajataja kitu atakachoiba. "Mimi leo naiba ule wimbo wa kuhesabu." "Mimi naiba unavyofuta ubao polepole ili wanyamaze." Mlicheka, mkaibiana, na Jumatatu mkaingia madarasani na mali ya wizi.

Sheria mlikuwa nazo mbili tu. Ya kwanza, kiongozi wa chama lazima awe na darasa analofundisha, na mwenyekiti ndiye anayefungua mwaka kwa kufundisha mbele ya wote. Akiacha darasa, anaacha na uongozi. Ya pili, shughuli ya chama haifanyiki siku ambayo watoto wako shuleni. Ulikuwa mwenyekiti miaka mingi, na kila mwaka ulifundisha wa kwanza, na kila mwaka asubuhi hiyo chai ilikushinda kwa woga. Kaka alikuwa akiimalizia yeye.

Mimi nilikuja mara moja tu, na ukweli ni kwamba nilikuja kupeleleza. Wifi gani anamwacha kaka yangu kila mara Jumamosi asubuhi, amejipaka mafuta, eti anakwenda kukaa kwenye viti vya watoto? Nikakufuata. Nikakukuta kweli umekaa kwenye kiti cha mtoto, kiti chenyewe cha nyuma kabisa karibu na ndoo ya takataka, wewe mwenyekiti mzima. Ukaniona mlangoni, ukasogea, ukanionyesha kiti cha pembeni. Hukuniuliza nimefuata nini.

Siku hiyo alikuwa akifundisha kijana mmoja mwenye tai. Leo hatumtaji jina hapa kwa sababu tumemwahidi mama; tutamwita kama walimu wenyewe wanavyomwita kisirisiri, Itifaki, kwa kuwa hawezi kuomba hata chumvi kabla hajasema itifaki imezingatiwa. Wakati huo hakuwa na itifaki yoyote. Alikuwa na jasho. Alikuwa akifundisha kutoa kwa kukopa, na katikati ya kukopa akapotea. Akaugeukia ubao akawa anazungumza nao. Watoto wakaanza kuchapana chini ya madawati, walimu wakaanza kukohoa, na mimi nikaanza kumwonea huruma mtu nisiyemjua.

Ndipo uliponyoosha mkono. Kiti cha nyuma, mkono juu, kidole kimesimama kama cha mwanafunzi wako mwenyewe. "Mwalimu, mimi sijaelewa. Hebu nirudishie pale pa kukopa."

Watoto walicheka mpaka wakapaliwa, mama mzima hajaelewa hesabu. Yule kijana naye akacheka, akavuta pumzi, akaomba vizibo vya soda mlivyokuwa mkihesabia, akaanza upya, na safari hii hata mimi niliyekimbia hesabu nikiwa mdogo nilielewa pale pa kukopa. Watoto walipotoka alikufuata kwenye korido akakushika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. "Mwalimu, umenifunika nguo," alikwambia. Ulimjibu, "Nimeiba vile vizibo. Jumatatu navitumia."

Kuanzia siku hiyo nilijua unachofanya Jumamosi, nikawa nakusimulia saluni mpaka wateja wakachoka. Mwalimu akizama popote mjini, mkono wako ulikuwa juu. Yule aliyekuwa akiwapiga watoto hukumshitaki wala hukumhubiria. Darasa lako lilikuwa likitoka mapema, basi ulikwenda kukaa nyuma ya darasa lake kila mchana, umeshika mkoba wako mapajani, mpaka fimbo yenyewe ikaona haya. Ukiona vyaelea vimeundwa, wifi. Chama kile kilielea, na tunajua nani alikuwa akikiunda.

Halafu koo likaanza.

Wanaosoma hapa wajue, kwa kuwa ndipo penye kiini cha habari yetu: ugonjwa wa koo ulikuchukulia sauti kabla haujakuchukua wewe. Miezi yako ya mwisho hukutoa neno, hata moja, hata la kunong'ona. Ukitaka maji ulinyoosha mkono. Ukitaka kugeuzwa ulinyoosha mkono. Kaka alikuwa akiinuka kwenye kile kiti cha hospitali na kusema, "Naam, mwalimu?" nawe ulitabasamu kila alipolisema, ingawa kutabasamu kulikuuma. Tunayakumbuka hayo kila siku, na hayo hayatutii kinyaa hata kidogo.

Itifaki alikuja kukuona mara moja. Alikuwa makamu wako, na kwa kuwa ulilala, chama kilikuwa mikononi mwake. Alikuja na kichane cha ndizi na simu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda chako, akazungumza na simu, akamenya ndizi, akala, akaendelea na simu, akamenya nyingine. Nilikuwa nimesimama dirishani na sikuamini macho yangu. Mgonjwa ameletewa ndizi, na mleta ndizi anazila. Alipomaliza alikupiga picha, akasema, "Pole sana mama yetu, tupo pamoja." Akaenda mlangoni.

Ukanyoosha mkono, wifi. Kaka aliuona, mimi niliuona. Ulikuwa na jambo, ulitaka arudi. Yeye akageuka, akauona, akadhani unamuaga. Akakupungia na yeye, akatoka.

Hatujui ulitaka kumwuliza nini. Tunajua tu kwamba hukuwa unaaga.

Tulipokuzika yeye akawa mwenyekiti. Ajabu ni kwamba wakati huo alishapata kazi ya ofisini, kwenye chumba chenye kiyoyozi na zulia, hana darasa, hana chaki, hana hata mtoto wa kumkaripia. Kwa sheria yenu alipaswa kuacha uongozi siku aliyoliacha darasa. Hakuacha. Na Jumamosi ya kwanza baada ya msiba walimu walipofika, walikuta mlango umefungwa. Masomo ya Jumamosi yamesitishwa, waliambiwa, kwa heshima ya marehemu. Mwezi uliofuata yamesitishwa, kwa heshima ya marehemu. Wamekuheshimu hivyo mwaka mzima, wifi, mpaka vumbi limejaa kwenye vile viti. Badala yake wakawa na semina za hotelini, ambamo watu wazima wanawafundisha watu wazima wenzao jinsi ya kuwafundisha watoto, na mtoto mwenyewe hayupo, labda yule aliyepita nje akiuza karanga.

Kisha zikaja fulana.

Niliiona ya kwanza saluni. Aliingia mteja wangu, mwalimu, anataka kusukwa, na kifuani amekuvaa wewe. Nilishtuka kitana kikaniponyoka. Ile picha naijua, ni ile ya darasani, umezungukwa na watoto wako. Watoto wote wamekatwa. Umebaki peke yako, chini yako yameandikwa maneno ya dhahabu, "Kiongozi Wetu Daima." Ila aliyekata hakukata vizuri: kwenye bega lako umebaki mkono mdogo wa mtoto, umenyooshwa juu, hauna mwenyewe. Mkono tu. Nilimsuka yule mwalimu nikiwa nimeukazia macho, na nywele nilizibana mpaka akalalamika.

Nilitafuta fulana kama ile nikampelekea mama. Aliipapasa, akaiweka karibu na macho. "Huu mkono ni wa nani?"

Binti yako, aliyekuwa akija kukusaidia darasani na siku hizi ana darasa lake mwenyewe shule nyingine, aliutambua mara moja. Ni wa yule msichana aliyekuwa akinyoosha mkono kabla swali halijaulizwa, na akichaguliwa anasema, "Nimesahau."

"Wamemfukuza mtoto darasani," mama akasema. Akaikunja fulana akaikalia.

Nilimpigia simu Itifaki. "Dada yangu," akaniambia kwa sauti ya redioni, "hilo ni suala la mchapaji. Sisi kama uongozi tulitoa mwongozo." Nikamwambia mwongozo wake aufue na maji ya moto. Mama hakusikia hilo.

Wiki tatu zilizopita alikuja nyumbani, yeye na wajumbe wawili wa kamati ambao kazi yao ilikuwa kutikisa vichwa. Walivua viatu, wakakaa, wakasifu mapazia. Wewe ndiye uliyeyashona yale mapazia, na hawakujua.

"Mzee wetu," akamwambia kaka, "chama kinaandaa kumbukumbu kubwa ya mama yetu. Siku hiyohiyo tutakuwa na mkutano mkuu, tupitishe katiba mpya. Na tumeona ibebe jina lake. Katiba ya Mama."

"Ina nini ndani?" kaka akauliza.

"Maboresho madogo tu. Kwa mfano kile kipengele cha kiongozi kuwa na darasa. Kimepitwa na wakati. Kiongozi anatakiwa awe huru, azunguke, akutane na wadau. Na zile Jumamosi tutaziweka kwenye mfumo wa semina." Akashusha sauti. "Na kusema kweli, ni wosia wake mwenyewe. Pale hospitali aliniambia, 'Mwanangu, waache viongozi wawe viongozi.' Tungeomba wewe, mzee, uliseme hilo mbele ya wajumbe. Likitoka kwako hakuna atakayepinga."

Wajumbe wakatikisa vichwa.

Wifi, kinyaa kilinishika. Niliona ndizi. Niliona ule mkono wako pale kitandani. "Alikwambia kwa mdomo upi?" nikamwuliza.

"Dada yangu, watu wakubwa huzungumza hata kwa macho."

"Macho yako yalikuwa kwenye simu!"

"Nyamaza," kaka akaniambia. Akamimina chai, akawapa sukari. Akauliza mkutano ni lini. Wakamwambia. Haikuwa siku uliyofariki. Ilikuwa wiki moja kabla, Jumatano, saa za asubuhi, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na safari. Hata siku yako ya kufa walikuwa wameisogeza, wifi. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini sidhani kama walifikiria kwamba marehemu ataombwa awahi kidogo.

"Tutakuja," kaka akasema.

Walipotoka nilimgombeza kaka yangu kama sijawahi. Nilimwambia wanamvisha mkewe kilemba cha ukoka naye anawashikia kioo. Alikwenda uani kufungua friji ya mtu aliyokuwa akiitengeneza, na unajua akiwa kwenye friji huwezi kumpata. Ila binti yako alinijibu siku nilipomwambia ajiandae.

"Shangazi, mimi siji. Jumatano nina darasa."

"Ni kumbukumbu ya mama yako!"

"Ndiyo. Ndiyo maana siji."

Basi tulikwenda wawili, kaka na mimi. Ukumbi wenyewe unapakana na shule yako, vinachangia ukuta mmoja. Tulipita kando ya uzio, na hata kabla hatujafika tulisikia. Shule nzima ilikuwa ikinguruma. Walimu wote walikuwa wamechukuliwa kuja kukukumbuka, na watoto walikuwa wameachwa. Walikuwa juu ya madawati, kwenye baraza, madirishani. Kwenye darasa lako la zamani, lile la mwisho, mtoto mmoja mkubwa kidogo alikuwa amesimama ubaoni ameshika rula, anawapiga wenzake viganjani mmoja mmoja, na wale wadogo wamepanga foleni wakisubiri zamu yao. Niligonga uzio nikampigia kelele mpaka akaiangusha rula. Kaka alisimama akatazama. Halafu tukaingia ukumbini.

Mle ndani wewe ulikuwa ukutani, mkubwa kuliko mlango, na ule mkono wa mtoto begani nao mkubwa kama wa mtu mzima. Kulikuwa na meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki. Kina mama wa jikoni walikuwa wameshaanza kupanga sahani nyuma. Walitaka kaka akae meza kuu. Akasema goti linamuuma, akachukua kiti cha mstari wa mwisho kabisa, karibu na mlango. Nikakaa naye.

Itifaki alizingatia itifaki. Alimzingatia mgeni rasmi, akawazingatia wajumbe wa meza kuu mmoja baada ya mwingine, akaja kwako. Akasema ulikuwa taa. Akasema ulikuwa nguzo. Kila alipotaja kitu, kelele za watoto ziliingia dirishani zikamzidi sauti. Hatimaye akakatisha, akainua kidole.

"Tafadhalini, hapo dirishani. Fungeni madirisha, kuna kelele."

Wakayafunga, wifi. Walimu wakainuka wakawafungia watoto wao madirisha ili waendelee kukukumbuka wewe. Kinyaa nilichokisikia pale sijawahi kukisikia tangu nizaliwe, na nimeshazibua masinki ya saluni.

"Sasa," akasema Itifaki, "kabla ya kura, tunaye mzee wetu, mume wa marehemu. Ana neno la wosia kutoka kwa mama mwenyewe. Mzee, karibu mbele."

Kaka hakwenda mbele. Alibaki amekaa palepale, kiti cha nyuma. Akanyoosha mkono juu, kidole kimesimama.

"Mwalimu," akasema, "mimi sijaelewa."

Walimu vijana walicheka, wakidhani mzee anatania. Lakini walimu wa zamani, wale wa Jumamosi, waligeuka wote kwa mpigo. Niliona mmoja ameshika mdomo.

"Karibu mbele, mzee, utaeleweshwa huku huku," Itifaki akasema, na tabasamu lake lilikuwa limeanza kulegea.

"Hapa hapa panatosha. Mke wangu hakuacha wosia wa maneno, hakuwa na sauti, wauguzi wapo waulizwe. Hilo nimemaliza. Ninalouliza ni jingine. Leo ni Jumatano. Hao mliowafungia madirisha, wako na nani?"

Watoto wakasikika hata kupitia vioo.

"Hiyo, mzee wetu, ni hoja nzuri sana. Tutaijadili kwenye mengineyo."

"Bado sijaelewa," kaka akasema, na mkono hakuushusha.

Unalijua lile bega lake, wifi, lililoumia akibeba friji ngazini. Mkono ulianza kutetemeka. Nilitaka kumshika kiwiko, akanisukuma. Itifaki aliendelea kusoma vipengele, sauti juu, haraka haraka, na kila aliponyanyua macho ule mkono ulikuwa bado uko pale nyuma. Alimwangalia mgeni rasmi, akaangalia maua, na hakukuwa na mahali pengine pa kuangalia. Nadhani aliukumbuka. Nataka kuamini aliukumbuka, kwa sababu kama hakuukumbuka basi hakuna mtu mle ndani ya suti.

Aliyeinuka kwanza ni yule mteja wangu niliyembana nywele. Alichukua mkoba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nina darasa la tatu," akatoka. Akafuata mmoja wa wale wa zamani. Wakafuata wawili. Wengine waliivua ile fulana waliyoivalia juu ya nguo zao wakaiacha kitini, wengine wakaigeuza nje ndani wakiwa wanatembea. Itifaki akaacha kusoma akaanza kuita, "Wajumbe! Wajumbe, akidi! Tutakosa akidi!" Na akidi wakaikosa. Sitasema uongo kwamba walitoka wote. Chakula kilikuwa kinanukia na wapo waliokaa mpaka kikaliwa. Lakini kura haikupigwa.

Tulipotoka tulikuta walimu wanakimbia kwenye ule uwanja, watu wazima wenye viatu vya shughuli. Kaka alisimama kwenye uzio akiwa ameshika bega. Darasa moja likanyamaza. Likanyamaza la pili. Ukawa unasikia mwalimu anasema "haya, kaeni", na madawati yanaburuzwa, kisha kimya kinasogea darasa kwa darasa mpaka kikafika lile lako la mwisho. Kaka alilia pale, wifi, hadharani, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mkutano umeahirishwa, haujafutwa. Itifaki bado ni mwenyekiti na bado ana zulia. Ndiyo maana leo, siku yako ya kweli na si ile ya mgeni rasmi, sisi familia tunatangaza mbele ya wote wanaosoma: marehemu wetu hakuacha wosia wowote kuhusu katiba ya chama. Jina lake lisiwekwe juu yake, na sura yake isivaliwe tena. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tupo.

Tena mlango umefunguliwa. Jumamosi hii, darasani kwako, binti yako na wale wa zamani wameshafuta vumbi kwenye viti. Kwa sheria yenu mwenyekiti ndiye wa kwanza kufundisha, na barua ya mwaliko nilimpelekea mwenyewe ofisini, nikamwachia pia vizibo vya soda kwenye mfuko. Somo ni kutoa kwa kukopa. Mimi nitakaa kile kiti cha karibu na ndoo. Akija, na akikwama, sijui kama mkono wangu utainuka, wifi. Kinyaa changu bado ni kizito. Wako ungeinuka. Nimeuwaza mwaka mzima na najua ungeinuka hata kwake, na hilo ndilo linaloniliza ninapokuandikia.

Unakumbukwa na mumeo, fundi wa friji, ambaye bado anakunja shuka mara mbili. Na mkweo, aliyekalia fulana na hataki kuinuka. Na binti yako, aliye darasani saa hii. Na wanao wengine wawili walio mbali, na wajukuu unaowajua na mmoja usiyemjua. Na mimi wifi yako, mpelelezi. Na walimu wa Jumamosi, wezi wako wote. Na mwenye ule mkono, ambaye sasa yuko darasa la pili na bado anaunyoosha kabla ya swali.

Hututoki moyoni, mwalimu. Kiti chako cha nyuma tutakikalia kwa zamu.